Bi. Pudensiana Kapele: Miaka Thelathini na Mitano ya Kung'oa na Kurudisha Meno

Bi. Pudensiana Kapele, mtaalamu wetu wa meno bandia hapa Hospitali ya Agano, Tukuyu, amestaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Aliripoti kazini Julai 1990 akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, begi moja la nguo na barua ya ajira iliyolowa mvua. Karani aliyempokea ilibidi aianike barua hiyo karibu na jiko la mkaa ndipo aweze kusoma jina.

Mimi Doreen Swila, muuguzi wa Kitengo cha Kinywa na Meno, nimefanya naye kazi kwa miaka kumi na minane kati ya hiyo, na wenzangu wamenipa heshima ya kuandika maneno haya kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Mwenyewe amenionya nisimsifu kupita kiasi. Nimemwahidi kusema kweli tu, na katika kweli hiyo pana mahali ambapo hakufanya vizuri. Napo nitapasema, kwa ruhusa yake.

Bi. Pudensiana ni mzaliwa wa Sumbawanga. Alisomea utabibu wa kinywa na meno na akapangiwa hapa, mahali ambapo hakuwa na ndugu wala jirani anayemfahamu. Alidhani angekaa miaka miwili halafu aombe uhamisho. Badala yake aliolewa na Mwalimu Allen, wakajenga Msasani, hapa hapa Tukuyu, wakapata watoto watatu, na barua ya uhamisho haikuandikwa. Kinyakyusa tu ndicho kilichomshinda. Kwa miaka thelathini na mitano amebaki na neno moja, ndaga, yaani asante, analolitumia kushukuru, kusalimia, kukubali, na nadhani hata kugombeza.

Vijana wetu wa sasa wanaofika kliniki na kukuta viti viwili vya umeme na mashine ya eksirei hawawezi kuipata picha ya kitengo cha mwaka 1990. Kulikuwa na kiti kimoja cha chuma, taa ya kusogeza kwa mkono, sindano za ganzi pale zinapokuwepo, na makoleo. Kuziba jino ilikuwa habari ya kusikia kutoka mijini. Mgonjwa akija na jino bovu, jino linatoka. Mama Kapele aliifanya kazi hiyo vizuri. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na watu wa vijiji vya Kinyala na Nkunga walikuwa wanasubiri zamu yake hata kama kuna tabibu mwingine mwenye nafasi. Kwa siku moja ya gulio angeweza kuhudumia watu ishirini na tano. Walikuja wakiwa wamefunga vitenge mashavuni, wakaondoka bila maumivu, na yeye akaandika kwenye rejista: jina, kijiji, jino.

Kumbukumbu yake ni ya vinywa kuliko sura. Mara nyingi nimekuwa naye sokoni, mtu akamsalimia kwa furaha, yeye akabaki anamtazama tu mpaka yule mtu atabasamu. Hapo ndipo anakumbuka jina, kijiji na mwaka. Mama mmoja wa ndizi alishangaa kuulizwa habari za gego lake la chini la kushoto kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

Mwaka 2009 ndipo jambo lililobadilisha maisha yake ya kazi lilipotokea, na mimi nilikuwepo. Alikuja Mzee Yohane Mwasomola, mkulima wa chai na migomba kutoka Nkunga, akiwa na jino la mbele la juu linalocheza. Mama Kapele alimchoma ganzi, akalitoa, akampa pamba ya kuuma. Mzee akakaa kidogo. Halafu akaitoa ile pamba na kuuliza, kwa upole kabisa, "Daktari, hakuna kitu cha kuweka badala yake?"

"Hapa hakuna, mzee. Labda Mbeya."

"Mbeya," akasema Mzee Yohane. "Na ng'ombe nimwachie nani?" Akairudisha pamba mdomoni, akaaga kwa kichwa, akaenda zake.

Mama Kapele hakuita mgonjwa mwingine. Alifungua kabati la rejista za zamani, akaziteremsha zote, akaanza kupekua kuanzia ile ya mwanzo. Nilimwuliza anatafuta nini, akaendelea kupekua. Baada ya muda alinionyesha. Mwasomola Yohane, Nkunga, alionekana mwaka 1991, mara mbili 1994, tena 1997, na kuendelea. Kwa jumla, mbali na lile la siku hiyo, yalikuwa meno manane ya taya la juu, yote yakiwa yameandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Tisa," akasema. "Nimemtoa mtu mmoja meno tisa, Doreen, na kila mara ananishukuru."

Nilimwambia kwamba hapakuwa na njia nyingine, na hiyo ilikuwa kweli. Alisema anajua. Lakini wiki ile ile aliandika barua ya kuomba ruhusa kwenda kusomea utengenezaji wa meno bandia.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Chuoni Dar es Salaam wanafunzi wenzake walikuwa wa umri wa mwanawe mkubwa, na walimwita Bibi kuanzia wiki ya kwanza. Bibi alikaa dawati la mbele miaka mitatu, akaunguza vidole kwa nta ya moto, akajifunza kuchonga jino kutoka kwenye kipande cha sabuni, na akamaliza akiwa wa pili darasani. Mwalimu Allen aliwalea watoto hapa Msasani. Siku hizi anapenda kusema kwamba miaka ile mitatu ndiyo iliyomfundisha kupika, ingawa watoto wanalo la kusema juu ya hilo.

Aliporudi mwaka 2013, hospitali ilimpa chumba kilichokuwa stoo ya shuka, nyuma ya kufulia. Tulikisafisha wenyewe. Alipata meza, mota ndogo ya kusagia, plasta, nta, na akriliki, ile plastiki ngumu ya waridi inayofanywa ufizi. Kwa kuivisha akriliki alitumia sufuria yake ya nyumbani juu ya jiko la gesi, na kwa mwezi mzima sisi tuliokuwa tukipita hapo tuliuliza leo kuna maharage au nyama. Watu wa kwanza kuhudumiwa walifurahi, habari ikasambaa, na kutoka Nkunga peke yake watu kumi na wanne walijiandikisha kusubiri zamu.

Lakini yeye alikuwa anamngoja mtu mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2014 alimpigia simu Mzee Yohane mwenyewe, akamwambia aje.

Mzee alikuja akiwa na habari yake. Binti yake wa mwisho, Tulia, angefunga ndoa baada ya wiki saba, na yeye kama baba wa bibi harusi alitakiwa kusimama mbele ya wageni na kutoa neno. Kwa miaka kadhaa alikuwa ameacha kuzungumza hadharani. Maneno yalikuwa yanamtoka na upepo, na watoto wa jirani walikuwa wameshaanza kumwigiza. Juu yalikuwa yamebaki magego mawili kila upande na visiki vitatu vilivyooza ambavyo ilikuwa lazima vitoke kwanza.

Hapa ndipo mahali nilipopataja mwanzoni. Kila anayefanya kazi yetu anajua kwamba jino likitoka, ufizi hufunga na mfupa wa taya hunywea, na ule mfupa hauendi na haraka za watu. Vema ni kusubiri miezi miwili au mitatu ndipo uchukue kipimo cha meno ya kudumu nayo. Ukipima mapema, unatengeneza meno ya kutoshea taya ambalo mwezi ujao halitakuwepo. Mama Kapele aliyajua hayo. Alikuwa ametoka kuyafanyia mtihani. Alivitoa visiki, akasubiri wiki nne, akapima.

Mwenyewe ananiambia kwamba siku ile alimwona mzee akimtazama, akakumbuka na yale meno tisa kwenye rejista, akashindwa kusema subiri.

Meno yalipendeza. Mzee Yohane alipewa kioo, akajiangalia muda mrefu, halafu akamwangalia Mama Kapele, ambaye alikuwa amegeukia dirishani akijifanya kupanga trei. Sote tulifurahi sana siku ile. Alimweleza namna ya kuyavaa na kuyavua, ayasafishe kwa brashi na sabuni, alale bila kuyavaa, na arudi baada ya siku mbili.

Hakurudi baada ya siku mbili. Hakurudi baada ya wiki. Harusi ikapita, tukasikia alitoa neno na watu walilia. Tukajua mambo ni mazuri.

Kisha wale watu kumi na wanne wa Nkunga wakaanza kukosekana. Mmoja hakutokea siku yake, halafu wawili, halafu tukawa na wiki nzima bila mtu kutoka upande ule. Mama mmoja tuliyemfuata kwa simu alituambia wazi kwamba ameahirisha, kwa sababu amesikia meno ya Agano yanakula watu midomo. Miezi miwili hivi baada ya harusi uongozi ukaanza kuuliza, kwa adabu, kama chumba kile kisirudishwe kuwa stoo. Shuka zilikuwa zimepangwa kwenye korido na zinapata unyevu. Mama Kapele aliomba apewe mpaka mwisho wa mwaka. Akakubaliwa, ila kwa sauti ya watu ambao tayari wamekwisha kuamua.

Jumamosi moja akaniambia, "Vaa viatu vya kutembelea." Tulipata lifti ya gari linalokusanya maziwa, likatushusha njia panda, tukapanda kwa miguu katikati ya mashamba ya chai. Ukungu ulikuwa haujainuka. Alikuwa amebeba taa ndogo, vioo vyake na kisagio cha mkono kwenye mfuko wa kitenge.

Tulimkuta Mzee Yohane akimkatia ng'ombe majani. Alikuwa amekonda. Mke wake alitukaribisha ndani, akataka kupika ndizi, Mama Kapele akamwomba asubiri kidogo.

"Shikamoo, mzee. Meno yako wapi?"

Mzee alimtazama mke wake. Mke wake ndiye aliyekwenda chumbani akarudi na kifurushi cha kitambaa cheupe, kimefungwa vizuri kama kitu cha kanisani. Mama Kapele alimwomba mzee akae mlangoni kwenye mwanga, afungue mdomo. Mimi nilikuwa nyuma yake na niliona. Palikuwa na vidonda viwili, kimoja kirefu kando ya ufizi, kingine pale vilipotolewa visiki.

"Umeyavaa muda gani hivi?"

"Wiki tatu. Mpaka harusi ikaisha, na siku chache za wageni. Sasa navaa Jumapili tu, kwenda kanisani."

"Na maumivu haya yote? Kwa nini hukurudi?"

Mzee Yohane aliangalia chini. "Ulikuwa umefurahi sana siku ile, daktari. Nikasema nikirudi nitakuharibia."

Mke wake akaingilia. Alisema mzee hakumwambia mtu kitu, ila majirani wana macho. Walimwona mtu mwenye meno mapya anakunywa uji wiki tatu, wakajitungia maelezo wenyewe.

Mama Kapele alikaa chini kwenye ngazi, si kwenye kigoda alichopewa. Nilidhani angeanza kueleza mambo ya mfupa. Hakueleza. Alisema, "Mzee, meno haya yana kosa, na kosa ni langu. Yalihitaji kusubiri, mimi nikaharakisha. Nilijua na nikafanya hivyo hivyo." Halafu akaongeza, "Na yale tisa ya kwanza pia niliyatoa mimi."

"Najua," akasema Mzee Yohane. "Nilikuwepo."

Mke wake ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata mzee, kwa mkono mdomoni kama alivyozoea, halafu na sisi. Ndizi zikapikwa, zikapondwa kwa ajili ya mwenye vidonda, na Mama Kapele akala za kupondwa pia ingawa meno yake yote anayo.

Kabla hatujaondoka alimwomba mzee mambo mawili. La kwanza, akae miezi minne bila meno, mpaka taya litulie, ndipo waanze upya. La pili, safari hii meno yakimuuma hata kidogo, arudi siku hiyo hiyo, hata kama daktari anacheka kwa furaha. Mzee akauliza kama na yeye anaweza kuomba jambo. Akaomba kwamba watu wa Nkunga waambiwe ukweli, kwa sababu wanadhani yeye ndiye aliyeyavaa vibaya.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata Mama Kapele alirudi Nkunga, yeye na Mwalimu Allen tu. Matangazo yalipomalizika kanisani alisimama, akaeleza mbele ya usharika wote kwamba alipima mapema kuliko inavyotakiwa na Mzee Yohane hakukosea kitu. Hakusema hospitali ilikosea, wala vifaa, wala mvua. Mwalimu Allen anasema mzee wa kanisa alisema ndaga, na Mama Kapele akajibu ndaga, na huo ndio mkutano wake mfupi kuliko yote.

Meno ya pili yalianza mwezi wa tisa. Nilimwona akichukua vipimo vitatu na kuvitupa viwili. Alimpangia mzee meno kwenye nta kwanza, akamwambia azungumze, asome, ahesabu kuanzia sitini mpaka sabini, ili asikie kama hewa inapita palipo sawa. Alisogeza jino moja kwa unene wa ukucha, akamwambia ahesabu tena. Siku ya kuyavaa hakukuwa na kioo cha haraka wala mtu wa kugeukia dirishani. Alimwambia rudi keshokutwa, na keshokutwa mzee alikuwepo kabla sisi hatujafungua. Sehemu moja ilikuwa inamgusa. Akasaga kidogo. Baada ya wiki moja alirudi tena, na tena baada ya mwezi, ambapo alituletea mkungu wa ndizi na kutuambia amekula nyama ya kuchemsha bila kukatiwa.

Kufikia Desemba watu tisa kati ya wale kumi na wanne walikuwa wamerudi wenyewe. Shuka zilitafutiwa mahali pengine.

Tangu hapo hakuwahi kuharakisha meno ya mtu, awe mkulima au mkuu wa idara. Amewahi kumrudisha nyumbani mgombea wa udiwani aliyetaka meno kabla ya kampeni. Mwaka jana tulihesabu kwenye rejista watu elfu moja mia mbili na sita ambao wametoka chumba kile na meno. Kuna na watu ambao wametoka bila meno na wakiwa wameridhika, kwa sababu alikuwa na msimamo kwamba si kila pengo linadai kujazwa. Mtu aliyekosa gego moja la mwisho nyuma, anakula vizuri na haoni shida, alimwambia akae nalo hivyo, atunze yaliyobaki.

Wengi mnamkumbuka kwa namna alivyoeleza njia zilizopo. Alipofika Dokta Nelson, daktari wetu wa meno, huduma ziliongezeka, na ikawa lazima mtu achague. Nakumbuka dada mmoja, Tulinagwe, msusi wa hapo Msasani, aliyeanguka na bodaboda akapoteza jino moja la mbele. Alifika na picha kwenye simu na sauti ya kukata shauri. "Nataka hili la kupigiwa skrubu kwenye mfupa. Haya ya kuvua ni ya wazee."

"Kaa kwanza," akasema Mama Kapele. "Unalala unakoroma?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nilitaka tu ukae."

Akamweleza pole pole. Jino la kuvaa na kuvua halihitaji upasuaji, linatengenezwa hapa hapa, likiharibika linatengenezwa tena, ila linahitaji uvumilivu wa wiki za kwanza na usafi wa kila siku. Daraja halivuliwi, jino la bandia linashikwa na meno ya jirani, lakini ili yashike lazima yasagwe yawe madogo, na meno yako ya jirani ni mazima kabisa. Kipandikizi kinasimama chenyewe kwenye mfupa na hakigusi jirani, kwa mtu kama wewe ni kizuri, ila kinataka mfupa wa kutosha, afya nzuri, mtaalamu wa rufaa Mbeya, gharama kubwa na miezi ya kungoja. Na ukiwa unavuta sigara au una kisukari kisichodhibitiwa, kinaweza kukataa kushika.

"Sasa wewe ungechagua lipi?" Tulinagwe akauliza.

"Mimi sisuki watu kwa mdomo huo. Wewe ndiye utakayekuwa nalo."

Tulinagwe alichagua jino la kuvaa kwa wakati ule, akajipanga, na baada ya miaka miwili akaenda Mbeya kuwekewa kipandikizi. Kimeshika vizuri. Mama Kapele alifurahi kana kwamba amekiweka yeye, na jino lile la zamani Tulinagwe amelihifadhi, anasema ndilo lililomsaidia kutokufunga saluni.

Siwezi kumaliza bila kutaja vikombe. Mwaka 2017 mzee mmoja wa Kinyala alirudi kwetu siku ya nne baada ya kupewa meno, akiwa hana meno. Alikuwa ameyaweka juu ya dirisha ndani ya bakuli wazi, na mbwa akayachukua. Familia nzima ilimfukuza mbwa hadi kwenye migomba. Meno yalipatikana kesho yake, yakiwa na alama za meno mengine. Kuanzia siku hiyo hakuna mgonjwa aliyetoka kwa Mama Kapele bila kikombe chenye mfuniko, na fundisho la dakika tano juu ya mbwa.

Ameyafanya mengi ambayo hayana hadithi. Alitembelea shule za msingi za wilaya kila muhula kufundisha watoto kupiga mswaki, kwa sababu, kama alivyowaambia walimu, anapenda sana kazi yake lakini angependa zaidi ikose wateja. Aliwasumbua wenye duka la mbele ya geti mpaka wakaacha kuwauzia wagonjwa soda ya kusukutulia. Kwa miaka mitano iliyopita amemfundisha Atupele Kibona, fundi wetu kijana, na amemfundisha kwa ukali. Atupele ameshawahi kulia kwenye chumba cha plasta. Ameshawahi pia kuambiwa, mara moja, kwamba meno aliyopanga hayana kasoro, na siku hiyo alitutumia ujumbe sote.

Siku ya mwisho, Jumatatu ya tarehe 30, kulikuwa na mgonjwa mmoja wa kukabidhiwa meno, Bi. Jenifer Mwambona wa Kinyala, mama wa miaka sabini na mbili aliyekuwa hana jino hata moja, juu wala chini. Meno kamili ya taya zote mbili ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kila hatua, kutoka kipimo cha kwanza, ilikuwa imefanywa na Atupele. Sisi tulidhani Mama Kapele angeingia kusimamia, kwa kuwa ndiyo siku yake. Atupele naye alimwekea kiti.

Hakuingia. Alitoka nje akakaa kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya mwanamke mwenye shavu lililovimba na mzee aliyesinzia, mikono juu ya mapaja. Nilikuwa napita pita na mafaili, nikamwona ameinamisha kichwa upande wa mlango. Tulisikia mota ikisaga kidogo, ikazima, ikasaga tena. Tulimsikia Atupele akisema, bila haraka, "Funga mdomo, mama. Sasa niambie, panakugusa wapi?" Halafu mota ikasaga kwa mara nyingine.

Ndipo ikaja sauti ya Bi. Jenifer. Alikuwa anataja majina ya wajukuu zake, moja moja, kama mtu anayewaita waje kula. Fadhili. Vaileti. Sifa. Stefano. Alipofika wa mwisho akarudia kuanzia mwanzo, na mara ya pili alikuwa anacheka.

Mama Kapele aliinuka. Alimgusa begani yule mwenye shavu lililovimba, akamwambia, "Ukiitwa ingia bila hofu, mwanangu. Humo ndani kuna fundi." Akachukua mkoba wake, akaniaga kwa mkono, akashuka kuelekea getini kwa mwendo wa mtu anayekwenda nyumbani kula chakula cha mchana.

Sasa ana ekari moja ya parachichi, mume aliyemsubiri, na wajukuu wawili ambao, nasikia, wanaogopa pipi mbele yake. Kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi wote wa Hospitali ya Agano na wagonjwa wa wilaya nzima ya Rungwe, tunasema asante. Ulitufundisha kazi, na ulitufundisha kusema "kosa ni langu" kwa sauti inayosikika. Pumzika vizuri, Mama Kapele. Mungu akujalie miaka mingi yenye afya, na meza isiyopungukiwa na watu wa kula nawe.